Kliniki ya Mashimo ya Mwezi

Usiku wa jana niliota darubini yangu imegoma. Imesimama uani kwa miguu yake mitatu, uso imeugeuzia ukutani kama mtoto aliyenyimwa andazi, na mwezi nusu uko juu ya paa la jiko, mweupe, jua lenyewe hata halijamaliza kuzama. Nikaisogelea niangalie. Ikaniambia, "Salimia kwanza."

Nikaisalimia. Mimi adabu nilifunzwa kwetu Sumbawanga, hata kama hapa Uyole nilipoolewa wananiona sina.

Niwaeleze kwanza hii darubini nimeitoa wapi, maana kuna watu wanasema nimeiokota kwa waganga. Ilitoka kwenye robota la mitumba. Nauza mitumba sokoni, viatu na makorokoro ya Ulaya, na siku hiyo katikati ya midoli ikachomoza hii, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ndani ya boksi lake pamoja na vioo vya jicho na ramani ya mwezi. Wenzangu wakanishauri niikate nifanye bomba la kuchochea moto. Nikaenda nayo nyumbani. Tangu hapo, jioni viazi vikiwa jikoni, nakaa uani nahesabu mashimo ya mwezi, na sokoni wananiita Mama Darubini. Huku mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na asiye na wa kumtaja huitwa kwa chochote kilicho karibu.

Mtoto nilikuwa naye. Nalisema mapema nisionekane nazunguka. Nilizaa mtoto wa kike, akafa kitovu hakijaanguka, na kwa ukoo wa mume wangu Asajile mtoto wa namna hiyo hapewi jina. Haliliwi, matanga hayakaliwi, watu hawaji kutoa pole. Asajile na baba yake mdogo walimbeba wakaenda kumzika wenyewe, na sisi wanawake tukabaki ndani, kwani hata kuuliza amezikwa wapi ni mwiko. Mama mkwe alikaa mlangoni kwenye kigoda akaniambia, "Usilie Dafroza. Ukilia utafunga tumbo."

Sikulia. Tumbo likafunga vilevile.

Sasa ifungue ile ramani uone. Kila shimo la mwezini lina jina. Mashimo makubwa wamepewa wazee wa Ulaya waliokufa zamani, majina ya kuvunja taya. Ukidhani madogo yamesahauliwa, hayakusahauliwa. Yana majina mepesi mepesi, ya mtu yeyote, majina ya mtoto wa jirani. Shimo, jamani. Shimo ambalo halijawahi kunyonya wala kumkosesha mtu usingizi lina jina, na mwanangu hana. Hilo limenikalia kooni miaka yote, na ndilo nililolala nalo jana.

"Haya, nimekusalimia," nikaiambia darubini. "Nionyeshe."

Ikauliza natafuta nini leo. Nikasema natafuta jina la mwanangu. Haikushangaa. Ikanieleza, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, kwamba upande wa mwanga mtupu nisihangaike nao, huko kila kitu ni cheupe na shimo halionekani. Niangalie kwenye mstari, pale mwanga unapokutana na giza, maana hapo vivuli ni virefu na shimo haliwezi kujificha. Nikaiambia hayo nayajua, mimi si mgeni wake.

"Na usiniguse," ikasema. "Ukinigusa, mwezi unatikisika."

Nikaigusa. Nani anaambiwa usiguse asiguse? Mwezi ukatikisika kweli, na jikoni kwa jirani sufuria zikaanguka zote, nikamsikia anauliza nani huyo.

Naweka jicho. Mwezi umejaa kwenye kioo, na kama kawaida yake haukai, unateleza kuelekea pembeni, lazima uufuate. Naufuata. Nasogea kidogo, unasogea. Napita kamba ya nguo, napita choo, napita shamba la viazi la shule, jicho bado liko kwenye kioo, na nilipokuja kuangalia chini nikaona udongo umebadilika. Ni wa kijivu, laini kama unga wa ulezi. Nyuma yangu darubini inakuja yenyewe, inachechemea, inalalamika baridi.

Mwezini kuna kliniki.

Ni kliniki kama zote, ya kupima watoto. Benchi refu, beseni la maji ya kunawa, mizani ya kuning'inia, ila haikuning'inia kwenye kitu. Kwenye benchi wamekaa mashimo wanasubiri kuitwa. Usiniulize shimo linakaaje kwenye benchi. Linakaa.

La kwanza lilikuwa shimo kubwa lenye miale myeupe pande zote, la mzee mmojawapo wa Ulaya. Likanitazama juu mpaka chini, likaniuliza mimi ni mama nani.

"Mama Darubini."

Likamgeukia darubini. "Hajambo huyu. Bado ananyonya?"

"Ameacha."

"Ana miguu mitatu."

"Kamfuata baba yake," nikasema.

Shimo likaridhika. Likawaambia wenzake wasogee, benchi zima likasogea, nikapata pa kukaa. Nikakaa katikati ya mashimo, kila mmoja na jina lake, mimi peke yangu nimekuja na chombo. Hata mwezini nimekuja kuaibika, nikawaza, kana kwamba sokoni hapatoshi.

Nesi wa pale ni Mstari mwenyewe. Mwanamke mrefu, mwembamba, nusu ya mwili wake jua, nusu giza. Anatembea polepole, na pale anapotoa mguu panabaki mchana. Anaita jina, shimo linaitika, linawekwa kwenye mizani, kisha linaingia kwenye mwanga na kazi imekwisha. Shimo halina uzito, kwa hiyo mshale hausogei hata kidogo. Nesi anautazama na kusema, "Anaendelea vizuri." Analiambia kila shimo hivyo hivyo.

Nikamwuliza jirani yangu, shimo dogo lenye jina la kike, inakuwaje kwa lisilo na jina. Akanijibu bila kugeuka, macho yako kwenye foleni. Nesi akifika mwisho wa benchi, mwezi unakuwa mpevu, na mwezi mpevu hautaki shimo lisilojulikana. Lisiloitwa linafukiwa.

"Na watu hawalii," akaongeza. "Wakilia inaleta mkosi."

Nikamwambia huo utaratibu naujua.

Basi nasubiri. Nesi anakuja, anaita, anapima. Benchi linapungua. Upande aliotoka umeshakuwa mweupe wote, mashimo yaliyoingia huko siyaoni tena, hata yule mzee wa miale amebaki miale tu. Akafika kwangu akasimama, upande wake wa jua unaniumiza macho.

"Shimo lako lipi?"

Nikaangalia. Mwisho kabisa wa benchi palikuwa na shimo dogo, dogo kweli, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Udongo wake haukuwa wa kijivu. Ulikuwa mweusi, wa kwetu Uyole, na mizizi myeupe ya viazi imechomoza pembeni. Sikuhitaji kuoneshwa na mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kifua kilinijaa kama siku ile maziwa yalipokuja na mnywaji hayupo.

"Lile," nikasema.

"Jina?"

"Hana."

"Hapa tunaita majina ya marehemu tu. Ni marehemu?"

"Ni marehemu."

"Basi amebakiza jina peke yake," akasema nesi. "Wengi wanaokuja hapa wana jina, wamebakiza kufa. Hao ndio wasumbufu."

Nikamwambia kama ni jina tu, majina ninayo. Na kweli ninayo. Nimeyaweka moyoni miaka yote, ya shangazi zangu, ya bibi yangu wa Namanyere, moja nililisikia redioni nikalipenda. Nikaanza kuyataja. Kila nililotaja lilitoka mdomoni zima, likafika katikati yetu, likawa vumbi likaanguka chini. Nesi anasubiri. Nikataja yote mpaka yakaisha, na miguu yangu imefunikwa na vumbi mpaka kifundoni.

"Jina hutolewa na aliyekuwepo mtoto akizikwa," akasema.

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Hukuwepo."

"Nilikaliwa mlangoni. Ningetokea wapi?"

"Najua," akasema nesi. "Lakini hukuwepo."

Hasira niliyoipata siwezi kuieleza. Nilitaka kumshika ule upande wake wa giza nimkung'ute. Hapo darubini ikakohoa nyuma yangu, ikasema samahani, kuna jambo ilisahau kunieleza. Yenyewe inageuza. Kila inachokuonyesha, juu kinakuwa chini.

Dunia nzima ikapinduka. Benchi likaenda juu, beseni likainama lakini maji hayakumwagika, na mama mkwe akaja anatembea kichwa chini, miguu juu, khanga imetulia kiunoni bila wasiwasi. Ana ufagio mkononi. Anafagia vivuli na kuvitia kwenye mashimo ambayo hayajaitwa, na alishafika karibu na lile dogo.

Akaniona. Akapiga goti, goti likawa juu.

"Shikamoo mkwe wangu," akasema.

Yule mama. Miaka yote naamkia mimi, hata siku ananinunia naamkia na sijibiwi. Nikaitikia marahaba. Niliitikia polepole na sikuruka herufi.

"Kosa ni langu," akasema. "Ningekuachia ukamzike. Ningekuachia ukamlilia mpaka uchoke. Lia sasa, mwanangu. Nakuruhusu."

Haya maneno nimeyangoja, wallahi nimeyangoja, kuliko mtoto wa pili. Nikakunja uso nilie. Hakuna. Nikafikiria zile nguo ndogo nilizozigawa, nikafikiria kitovu chake kilivyofungwa uzi. Hakuna. Macho makavu kama gome. Na hata yangekuja, nilijua siyo yeye anayesema, ni kioo kinageuza. Mama mkwe wa kweli amelala chumba cha pili, na msimamo wake ni ule ule wa funika kombe mwanaharamu apite. Tangu siku ile hajamtaja mjukuu wake hata mara moja, na mtoto mchanga akilia kwa jirani anainuka anafunga dirisha.

Nikamwambia asante mama. Akainuka akaendelea kufagia, kivuli cha kwanza kikaingia kwenye shimo la mwanangu.

Nesi alikuwa amebakiza hatua chache. Aliyekuwepo ni nani? Walikuwa wawili. Baba mdogo ameshatangulia. Amebaki Asajile, na Asajile ukimwuliza habari ya siku ile anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanyweshwa. Hatuna ng'ombe.

Nikaiinamisha darubini kwenye shimo dogo, nikaweka jicho.

Asajile yumo humo, chini kabisa, ana jembe, na ile sweta ya kijani aliyokuwa nayo wakati huo. Kijana bado, tumbo hana. Simwoni uso. Nikatoa kioo cha jicho nikaweka kinachokuza zaidi. Akawa mkubwa, ila giza kidogo. Nikaweka kinachokuza zaidi ya hicho. Sasa naona uzi mmoja wa sweta, mnene kama mgomba, na weusi umejaa kila upande.

"Ukikuza sana, giza linaongezeka," ikasema darubini. "Hilo nalo huwa unalisahau."

Nilisahau kweli. Na nikubali tu, Asajile nimemkuza miaka yote. Nimekaa usoni pake nachunguza kila anaponyamaza, kila anapogeukia ukuta, na sijawahi kuona kitu zaidi ya huo weusi. Nikarudisha kile kioo kidogo, cha mwanzo. Akawa mdogo, mbali, lakini safi kama umemchora.

Kuna manyunyu. Baba mdogo amegeuka, anatafuta mawe ya kuwekea juu. Asajile amepiga magoti, ana furushi mikononi, na furushi limefungwa kwa khanga yangu ya njano. Khanga hiyo niliitafuta mwezi mzima nikawatukana wezi wa kambani. Anageuza shingo kuangalia nyumbani kama kuna anayemwona. Hakuna. Anafunua pindo kidogo, anainama mpaka paji la uso linagusa nguo, na midomo yake inacheza. Anasema kitu. Anakirudia.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Mimi ni jicho," ikasema darubini. "Sikio sina."

Nyuma yangu nasikia ufagio. Nasikia nyayo za nesi. Na mimi nimeletwa mpaka mwezini kuoneshwa mdomo wa mume wangu unasema jina la mtoto wangu, kisha naambiwa hakuna sikio. Nikaishika ile darubini kwa mikono miwili, mimi niliyekatazwa kuigusa, nikaitikisa kama mtu anayetikisa mti wa mapera.

Mwezi mzima ukatikisika. Mashimo yaliyobaki yakadondoka kwenye benchi. Ufagio ukamtoka mama mkwe ukaruka juu, ambako ni chini. Nesi akayumba, mguu mmoja hewani, na ndani ya shimo dogo udongo mweusi ukachemka, na humo ikatoka sauti ya Asajile, ile ya ujana, kabla haijawa ya kunung'unika. Ilisema jina moja tu.

Tusekile.

Kwa lugha ya kwao maana yake tumefurahi.

Nesi alilisikia. Akaushusha mguu wake, akasema, si kwa ukali, kwamba jina lilikuwepo siku zote. Kisha akaita. "Tusekile."

Shimo likalia. Kilio kile kile chembamba, cha kukatika katika, nilichokisikia siku nne basi. Nesi akainama akalibeba, akaliweka kwenye mizani. Mshale ukasogea. Mashimo yote yakanyanyuka kuangalia, maana pale hakuna aliyewahi kuuona unasogea. Ukashuka ukasimama penye kilo mbili na ushei, uzito wake wa kuzaliwa, siwezi kuusahau.

"Mama Tusekile," akaita nesi.

"Abee."

"Anaendelea vizuri."

Akapiga hatua ya mwisho. Kila kitu kikawa cheupe. Hakukuwa na shimo wala benchi wala mtu, weupe mtupu mpaka macho yakauma, nikayafumba, na nilipoyafumbua ilikuwa jua la dirishani kwangu.

Asajile amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anavaa buti za shamba. Ana pumu kidogo siku hizi, akiinama anapumua kwa sauti. Mimi nimelala namtazama. Ndoto ni ndoto, nikajiambia. Jina lile sijawahi kulisikia ndani ya nyumba hii, hakuna shangazi wala wifi anayeitwa hivyo, pengine ni mafua tu yaliyoniotesha. Lakini lilikuwa bado liko mdomoni, zima, halijawa vumbi.

Nikalisema, taratibu tu. "Tusekile."

Mkono wake ukasimama kwenye buti.

Hakugeuka. Hakuniuliza nimelitoa wapi, wala nani kaniambia. Alikaa vile, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mpaka nikadhani atakumbuka ng'ombe. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Usilitaje mama akiwepo."

Akavuta buti likaingia. Akaanza la pili.

Alikuwa nalo. Alikwenda nalo shamba na kurudi nalo, akala nalo kwenye sahani niliyompakulia mimi, akageuka nalo ukutani usiku, na mimi pembeni yake nikiitwa kwa jina la bomba la mitumba. Nilitegemea nitamhurumia, nimemwona amepiga magoti kwenye manyunyu. Sikumhurumia. Niliona chuki safi, iliyo wazi, na chini yake machozi, hatimaye, ya moto, yanashuka yenyewe bila ruhusa ya mtu.

Jikoni mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Nausikia mwiko unavyogonga sufuria, kama kila asubuhi. Nikainuka nikakaa. Asajile akanyoosha mkono kunizuia, nikausukuma. Nikavuta pumzi mpaka mwisho, nikamwita mwanangu kwa jina lake, kwa sauti yote niliyo nayo.

Mwiko ukanyamaza.